Sidonie Alivyoipeleka Benin Auderghem

Jumapili ile wanajeshi walipotokea kwenye televisheni ya Benin, dada yangu Sidonie alikuwa jikoni kwake Ganshoren anaosha sombe, majani ya muhogo. Ilikuwa asubuhi, tarehe saba Desemba, mwaka 2025. Jumamosi iliyofuata watu wa Éliézer Hounkpatin walitakiwa kuja na mahari ya Keren, binti wa Sidonie. Éliézer, mchumba wake Keren, ni mtoto wa Cotonou, Benin. Vinywaji vilikuwa vimeshanunuliwa, nyama ya mbuzi imeshaagizwa, na mama yake Éliézer, Maman Rolande, alikuwa ameshafika Brussels kwa ndege na masanduku mawili ya vitambaa.

Simu ililia. Aliyepiga alikuwa Papa Mwamba wa Auderghem, kaka mkubwa wa marehemu Donat, mume wa Sidonie.

"Mama Keren, uko naangalia televisheni?"

"Niko naosha sombe, Papa Mwamba."

"Acha sombe. Fungua televisheni. Basoda beko banasoma karatasi. Banasema serikali imeisha. Inchi ya bakwe yetu, imeisha asubuhi hii!"

Sidonie alifungua televisheni kwa mkono wenye majani. Aliwaona: vijana wenye kofia za kijeshi wamejipanga, mmoja anasoma, wengine wanaangalia kamera kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

"Bon," akasema Papa Mwamba. "Samedi ile ya mahari hakuna kintu. Mutoto wa mudogo yangu hataenda mu inchi ya basoda. Shiye tulikimbia basoda. Leo tumurudishe kwa basoda, na mbuzi juu yake?"

Akakata simu.

Nieleze hapa kwa nini neno la mzee mmoja lilikuwa na uzito huo. Keren na Éliézer hawakutaka kuoana halafu wabaki Ubelgiji. Éliézer ni fundi umeme wa mitambo, na alikuwa amepata kazi kwao, kwenye eneo la viwanda la Glo-Djigbé, nje ya Cotonou. Keren ni muuguzi. Alitaka kumfuata na kufanya kazi hospitalini huko. Baba yake, Donat, alifariki zamani kidogo. Kwetu, baba akifa, kaka yake ndiye baba. Yeye ndiye anayepokea vinywaji, na asipopokea hakuna mwingine anayeweza kupokea. Keren alikuwa amemwambia mama yake wazi: "Maman, bila neno la Papa Mwamba siendi. Sitaki kuolewa kama mwizi."

Kwa hiyo ndoa yote ilikuwa imekaa kwenye mdomo wa mzee wa Auderghem.

Mchana serikali ya Benin ilisema jaribio limeshindwa. Ndege za Nigeria zilikuwa zimeruka kwenda kusaidia. Jioni rais alitokea mwenyewe akasema hali imetulia. Sidonie alimpigia tena Papa Mwamba, kwa furaha.

"Imeshindwa, Papa Mwamba! Basoda bameshindwa!"

"Bamejaribu leo, batajaribu kesho," akajibu. "Usiku mwema, Mama Keren."

*

Watu wengi wa Brussels hawamjui dada yangu, lakini ukienda mtaa wa Heyvaert, upande wa Anderlecht, karibu na machinjio, ukauliza "Maman Bukari", yaani mama wa ugali, hata mlinzi wa geti atakuonyesha. Mtaa huo ndio wa magari yaliyotumika. Watu wa Ulaya wakichoka na gari lao, linafika hapo. Ndani ya gari wanapakia friji, magodoro, baiskeli za watoto, mpaka kioo cha nyuma hakionekani. Kisha linapelekwa bandari ya Antwerp, linapanda meli, na mara nyingi linashukia Cotonou.

Sisi tulizaliwa Likasi, Katanga. Baba yetu alifanya kazi ya shaba maisha yake yote. Sidonie na Donat walifika hapa wakati nchi yetu inawaka moto, na kazi ya kwanza aliyopata Donat ilikuwa kupakia magari Heyvaert. Sidonie alikuwa anampelekea chakula cha mchana kwenye ndoo yenye kifuniko. Siku moja mwenzake wa Benin akaomba aonje. Kesho yake wakaomba watatu. Baada ya mwaka mmoja ndoo ilikuwa imekuwa sufuria, na baada ya miaka michache sufuria ilikuwa imepata chumba chake, chenye jiko, meza ndefu na dirisha linaloangalia magari.

Hivyo ndivyo alivyoijua Benin, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Aliijua kwa njaa ya wateja wake. Mwaka 2019 Nigeria ilipofunga mpaka, magari yaliyoshukia Cotonou hayakuwa na pa kwenda, kwa sababu mengi yalikuwa yanavuka kwenda kuuzwa huko. Mtaa wa Heyvaert ukanyamaza. Wanaume walikuwa wanakuja wawili wanagawana sahani moja, wanasema hawana njaa. Dada yangu aliwaona wanavyofuta mchuzi kwa kidole. Akaanza kuwawekea bukari mlima mrefu kwenye sahani hiyo moja, halafu anawakemea: "Mnaniaibisha, mnakula kama bibi harusi!" Mpaka huo ulipofunguliwa, alijua kabla ya redio. Alijua kwa sababu wote walirudi siku moja, na nyama ikaisha kabla ya saa saba.

Wao nao walimfundisha kupika ugali wa kwao, mwekundu, unaosongwa kwenye mchuzi wa nyanya na mafuta. Wanauita amiwo. Yeye aliuita bukari nyekundu, na jina hilo ndilo lililobaki.

*

Jumatano alipanda metro mpaka mwisho wa njia, Auderghem, kwenda kumwona Papa Mwamba. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

Papa Mwamba si mtu mbaya. Anakaa kwenye nyumba safi karibu na msitu, ana kikohozi cha mgodini ambacho madaktari wa hapa wamekitafutia jina bila kukipatia dawa. Anawapenda watoto wa mdogo wake kuliko macho yake. Ila ana namna moja ya kupima nchi, na ni namna ya sisi wote wa Katanga.

"Alors," akasema, "banachimba nini kule?"

"Wapi?"

"Benin. Banachimba nini? Shaba? Cobalt? Hata almasi?"

Sidonie akafikiri. "Papa Mwamba, sijasikia bakichimba kintu."

"Unaona?" Akaniangalia mimi, kama vile nilikuwa upande wake. "Inchi haichimbe kintu, basoda banasoma karatasi siku ya dimanche, na unataka nitoe mutoto. Atakula nini kule? Mchanga ya bahari?"

"Kwetu tunachimba kila kintu," akasema Sidonie polepole, "na tuko hapa Auderghem."

Papa Mwamba akakohoa muda mrefu. Nilidhani amekasirika. Alipomaliza, akafuta mdomo na kusema: "Bon. Bakuye samedi, bafike. Lakini vinywaji bibakie mu gari. Mimi sitaki kuona hata chupa moja mu nyumba yangu mpaka nijue ile inchi. Uniletee ile inchi hapa, niione. Nikiiona muzuri, tutafungua gari. Nisipoiona, banaenda na chupa zao."

Kwenye metro ya kurudi Sidonie alihesabu vituo mpaka tulipobadilisha treni. Halafu akasema, "Nchi inabebwaje?"

*

Kesho yake aliwauliza wateja wake. Lilikuwa kosa, au pengine halikuwa kosa. Alisimama na mwiko mkononi, akasema kwa Kifaransa chake cha jikoni: "Leo hakuna anayekula kabla hajaniambia nchi yenu ni nchi gani."

Basi wakaanza. Mmoja wa Porto-Novo alisema ni nchi nzuri, mtu akiongea vibaya kuhusu Benin anaionea wivu. Barabara za Cotonou zimewekwa lami, taa zinawaka, uchumi unakua kila mwaka kuliko majirani wengi. Zamani waliuza pamba mbichi na korosho mbichi, meli inabeba, basi. Sasa kule Glo-Djigbé pamba inakuwa uzi, uzi unakuwa shati, na korosho haziruhusiwi kutoka nchini bila kubanguliwa.

"Shati la nani?" akadakia mwingine, wa Parakou, kaskazini. "Kwetu kaskazini tunalima hiyo pamba, na mashati hatuyaoni. Tunaona watu wenye bunduki wanaovuka kutoka Burkina na Niger, wanaua askari wetu. Sikia na hilo, Maman Bukari."

"Hilo siyo kosa la serikali!"

"Na uchaguzi wa 2019, bila chama hata kimoja cha upinzani bungeni, hilo kosa la nani? La mama yangu? Na wale waliofungwa?"

"Rais anaondoka mwezi wa tano. Ametumikia vipindi viwili, anaondoka. Niambie ni wangapi wanaondoka Afrika!"

"Anaondoka na amechagua nani abaki!"

"Wewe unajua atakayeshinda? Umepiga kura kabla yetu?"

"Mimi? Mimi nimepiga sahani tu, na bado iko tupu!"

Wakacheka, lakini waliendelea kubishana huku wanakula, wanaelekezana vidole vyenye mchuzi. Wa Parakou akataja bandari, kwamba bandari ndiyo tumbo la nchi: Niger ilipopinduliwa mwaka 2023 na mpaka ukafungwa, malori yalipanga foleni mpaka madereva wakaoa njiani. Wa Porto-Novo akasema hapo ndipo unapoona faida ya viwanda, ili nchi isiishi kwa kusubiri jirani afungue mlango. Hapo, kwa mara ya kwanza, wa Parakou akasema, "Hilo ni kweli." Na wote wakamgeukia kwa mshangao.

Sidonie aliwaangalia. Jioni, wakati tunaosha sufuria, aliniambia: "Umeona? Wamegombana mchana kutwa, halafu wamekunywa chai pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeangalia nyuma kuona nani anasikiliza kabla ya kusema."

*

Jumamosi sebule ya Papa Mwamba ilijaa. Viti vya kuazima vilitoka parokiani. Upande wa dirisha tulikaa sisi, upande wa mlango paliachwa wazi kwa wageni. Papa Mwamba alivaa suti ya kahawia. Msemaji wetu alikuwa Héritier, binamu yake Keren, kijana wa maneno anayeuza simu Ixelles, ambaye harusi bila yeye ni kama mkutano wa kodi. Sidonie alikuwa jikoni. Kwetu mama wa binti hasemi siku ya mahari. Anapika, anasikiliza kupitia ukuta, na mwisho analetwa kupokea kitambaa chake. Keren alifichwa chumbani na wasichana wenzake.

Kengele ikalia. Héritier akafungua mlango nusu.

"Ninyi ni nani, na mnatafuta nini kwenye nyumba ya watu?"

Hapo anatakiwa msemaji wa upande wa pili ajibu, mwanaume, kwa maneno yaliyopambwa. Kwao Éliézer alikuja mjomba wake kwa kazi hiyo. Lakini aliyeingia kwanza alikuwa Maman Rolande, mwanamke mpana, mwenye kilemba cha buluu kilichogusa fremu ya mlango. Alimpita Héritier. Alimpita Papa Mwamba aliyekuwa ameshaanza kunyoosha mkono. Alifuata harufu ya sombe mpaka jikoni, akapiga magoti kwenye vigae mbele ya dada yangu, na kusema kwa Kifaransa, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Mama wa mtoto, ni kwako nimekuja."

Sidonie alibaki na kifuniko cha sufuria mkononi. Nilimwona anaangalia kupitia mlango, anatafuta uso wa Papa Mwamba. Kujibu ni kuvunja desturi ya wakwe zake. Kunyamaza ni kumwacha mgeni, mama mzima, magotini.

Papa Mwamba akasafisha koo. "Maman," akamwambia Maman Rolande, kwa Kifaransa kizuri, "kwetu siku ya mahari mama wa binti haongei."

Maman Rolande aligeuza kichwa bila kuinuka. "Papa, samahani. Kwetu wanawake ndio wanaoongoza. Wanaume wanakaa, wanatikisa kichwa, wanakula."

"Hata kwetu wanakula!" akasema Héritier, na watu wakaangua kicheko, wa pande zote mbili. Hata Papa Mwamba mdomo ulimcheza. Lakini alikuwa ameweka neno lake, na hakulisahau.

"Vizuri," akasema. "Mama Keren, inua mgeni. Kuya naye hapa mbele ya bantu. Nilikuambia uniletee inchi. Kama leo bamama njo banasema, basi sema weye. Vinywaji viko mu gari, na vitakaa mu gari. Hii Benin ni inchi ya namna gani?"

Sidonie alimwinua Maman Rolande kwa mikono miwili. Alitoka jikoni na aproni yake. Alisimama katikati ya zulia, mahali pa msemaji. Nilishika kiti changu kwa nguvu kana kwamba ni mimi niliyesimama.

"Papa Mwamba," akaanza kwa Kiswahili, na Éliézer akanong'onezewa tafsiri na Héritier, "haichimbe kintu. Iko kadhahabu kidogo kaskazini, iko mawe ya simenti. Tuseme haichimbe kintu."

"Unaona," akasema Papa Mwamba.

"Inaishi kwa mlango. Bahari iko mbele, Nigeria iko kando, Niger iko nyuma, na yeye njo mlango. Jirani akifunga, yeye analala njaa. Nimeona kwa macho, Heyvaert, banaume bakubwa banafuta sahani na kidole. Lakini hawakukaa bakilia jirani. Bamesema, bon, pamba yetu tutaishona shiye benyewe. Éliézer anaenda kutengeneza hizo mashini. Hiyo njo kazi iko inamungoja."

Akavuta pumzi.

"Sitakudanganya. Kaskazini kuko vita. Kuko bantu bamefungwa juu ya siasa. Wateja wangu juzi jeudi karibu bapigane juu ya hiyo. Lakini basoda bale balisoma karatasi asubuhi, na mpaka jua linaingia hakuna mutu alibafuata. Hakuna mutu alitoka na kitambaa kubachezea. Na rais wao, mwezi wa tano, muda wake inaisha, anaenda nyumbani. Papa Mwamba, mimi na weye, katika maisha yetu, tumeona rais wangapi anaenda nyumbani na miguu yake?"

Papa Mwamba alikunja kidole kimoja, akakikunjua.

"Na kintu ingine," akasema Sidonie, sauti yake ikashuka. "Weye unasema huijui ile inchi. Unakumbuka matanga ya Donat?"

"Nitasahauje?"

"Unakumbuka ulikula bukari nyekundu? Ulirudia sahani, ukauliza ni nani alipika."

"Ulisema ni bantu ya kazi yake."

"Ni beye. Bantu ya Cotonou. Balifunga kazi, balikuya na sufuria zao, balipika, baliosha vyombo siku zote za matanga, na wawili balibeba jeneza na weye. Mmoja alikuwa mjomba ya huyu mutoto." Akamwonyesha mzee aliyekaa karibu na Éliézer, msemaji wao aliyenyang'anywa kazi. Mzee yule alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akainamisha kichwa. "Hiyo inchi, Papa Mwamba, ulishaikula."

Papa Mwamba alimwangalia yule mzee kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta bega lililokuwa ng'ambo ya jeneza. Kisha akamgeukia Maman Rolande, na alichouliza hakuna aliyekitarajia.

"Maman, mwaka 1990 ulikuwa wapi?"

Uso wa Maman Rolande ukafunguka. "Mwezi wa pili? Nilikuwa Cotonou, nauza mkate. Nilikuwa na redio ndogo juu ya sanduku la mikate. Papa, siku zile hakuna aliyenunua mkate akaondoka! Walisimama kusikiliza. Mkutano wa taifa lote, hotelini, askofu ameshika kiti, watu wanamwambia rais mambo ambayo mwezi uliopita yangewatia ndani. Na yeye jeshi lote lilikuwa lake. Tulingoja risasi. Mwisho akaja, akakubali yote yaliyoamuliwa. Haikufika wiki mbili! Mwaka uliofuata tukapiga kura, akashindwa, akaondoka. Na miaka mitano baadaye tukamrudisha sisi wenyewe, kwa kura." Akacheka. "Sisi ni watu wa ajabu, najua."

"Sisi nasi tulifanya," akasema Papa Mwamba polepole. "Mkutano kama wenu. Tulisema, kama watu wa Benin wameweza, kwa nini sisi tusiweze? Nasi tuliweka askofu mbele. Mimi na Donat tulikuwa Likasi, tunatoka mgodini tunakimbia kwenye redio na udongo machoni. Tulingoja. Mmoja anaongea, mwingine anaongea, mwaka ukapita na zaidi, na rais wetu hakutoka. Donat alikuwa anasema, ngoja tu kaka, wale wa Benin wamefungua njia." Akatazama mikono yake. "Nilikuwa nimesahau kwamba ni ninyi. Miaka yote hii nimesahau kwamba ni ninyi."

Héritier aligeuka, akaliangalia gari kupitia dirisha.

"Donat angekuwa hapa," akasema Papa Mwamba, "angekuwa ameshafungua chupa." Kisha akapaza sauti, sauti ya msimamizi wa mgodi: "Ni nani anangoja nini? Vinywaji viko vinapata baridi mu gari! Bileteni!"

Kelele iliyopigwa pale sijui majirani wa Auderghem waliisikiaje. Wanawake wa Benin walianza kuimba wakiwa bado barabarani na kreti vichwani. Masanduku ya vitambaa yakaingia, na mitungi, na mbuzi ambaye sasa alikuwa nyama kwenye masinia. Wasichana walitolewa chumbani mmoja mmoja wamefunikwa nyuso, kila mmoja akaangaliwa, na Éliézer akasema "Siye, siye," mpaka Héritier akamwonya kwamba akikosea atapewa shangazi yake Keren wa Liège, na shangazi huyo hapikii mtu. Mwisho akatoka Keren.

Papa Mwamba akamwuliza mbele ya watu wote, kama inavyotakiwa: "Keren, binti ya Donat, tupokee?"

"Mpokee, papa."

"Tupokee?"

"Mpokee."

"Sitakuja kurudisha chupa baadaye. Tupokee?"

"Papa, mpokee!" Alikuwa analia na kucheka.

Desturi inaishia hapo. Mzee anamimina, anaonja, kazi imekwisha. Papa Mwamba alishika glasi, lakini hakunywa. Alitazama upande wa jikoni, ambako Sidonie alikuwa ameshaanza kurudi kwenye sufuria zake.

"Mama Keren! Unaenda wapi? Bado sijakuuliza weye." Nimehudhuria mahari nyingi, Likasi na hapa, na sijawahi kusikia mama akiulizwa. "Weye njo uliileta ile inchi hapa. Tupokee?"

Dada yangu alisimama na aproni yake, mbele ya ukoo wa mume wake na wakwe wa Cotonou. Hakutazama chini.

"Tupokee, Papa Mwamba," akasema. "Na mpishi naye akae kitini leo. Héritier ataosha vyombo."

Papa Mwamba akanywa. Maman Rolande akamvua Sidonie aproni kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga kiunoni kitambaa cha buluu kama kilemba chake, na wakaanza kucheza katikati ya zulia, mama wa Likasi na mama wa Cotonou, huku Papa Mwamba anapiga makofi nje ya mdundo na kukohoa na kupiga makofi tena.

*

Mwezi wa pili nilikuwa Heyvaert wakati wanapakia Toyota nyeupe kwa safari ya Antwerp. Wa Parakou na wa Porto-Novo walikuwa wanabishana namna ya kulaza godoro la maharusi. Sidonie alitoka jikoni amebeba sufuria kubwa, ile ya kwanza kabisa iliyochukua nafasi ya ndoo ya Donat. Nilimwambia huko Cotonou sufuria zipo.

"Zipo," akasema. "Lakini hii inajua bukari zote mbili, nyeupe na nyekundu."

Akaiweka kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda. Gari likatoka getini, na wanaume wote wa mtaa wakalipigia honi mpaka likakata kona.